Kukokotoa Mzigo Unaooza: Mwongozo Kamili wa Modeli ya Akiba ya Nyanya na Upokeaji wa Teknolojia ya Kuihifadhi

Nyanya zinazofungwa kwenye matenga huko Ilula, wilayani Kilolo mkoani Iringa, husafiri zaidi ya kilomita 400, zikiteremka mlima Kitonga na kuvuka Mikumi, kabla ya kushushwa alfajiri katika masoko ya Dar es Salaam. Ukifungua tenga moja unakuta tabaka tatu. Za juu zimekaza ngozi na zinang'aa. Za katikati ni nzima, ila zimeminywa. Za chini zimepasuka, maji yake yamelowanisha nyasi zilizotandikwa na harufu ya uchachu imeshaanza. Za juu zitauzwa kwa bei kamili, za katikati zitasubiri mteja anayebembeleza bei, na za chini zitaishia kwa mamantilie kwa jina la masalo, au jalalani.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuugeuza upotevu huo kuwa hesabu, kisha kuitumia hesabu hiyo kujibu maswali mawili: ununue mzigo wa siku ngapi kwa mkupuo mmoja, na je, chumba cha ubaridi au kreti za plastiki zitakurudishia fedha yako? Maswali haya mawili huulizwa na watu tofauti, la kwanza na mfanyabiashara na la pili na mwenye mradi wa teknolojia, lakini jibu la moja haliwezi kupatikana bila la jingine. Unahitaji daftari, mizani, na kikokotoo chenye logi asilia (kitufe cha ln) na kipeuo cha pili. Simu nyingi zinavyo. Nambari zote za fedha na za kilo zilizomo humu ni za mfano, na kazi yako ni kuweka za kwako mahali pake.

Hatua ya kwanza: daftari la majuma mawili

Kwa siku 14 mfululizo andika kilo zilizoingia, kilo zilizouzwa, kilo zilizotupwa au kuuzwa kwa bei ya masalo, na saa ambayo mzigo uliisha. Andika kwa kilo, usiandike kwa matenga, kwa sababu tenga lililofungwa kwa kilemba halilingani na tenga lililosawazishwa ukingoni, na hesabu inayojengwa juu ya kipimo kisichotulia haiwezi kutulia.

Safu ya saa ndiyo watu wengi huiacha, na kuiacha kunaharibu kila kitu kinachofuata. Ukiuza kilo 180 na mzigo ukaisha saa nne asubuhi, mahitaji ya siku hiyo si kilo 180. Ni zaidi, ila hukuyaona, kwa sababu wateja wa saa tano walikuta meza tupu wakapita. Siku za namna hiyo ziwekee alama, na unapotafuta wastani wa mahitaji tumia zile ambazo mzigo ulibaki hadi jioni. Tuchukulie kwamba daftari limetupa mahitaji ya kilo 200 kwa siku. Nambari hiyo tuiite D.

Hatua ya pili: kupima kasi ya kuharibika

Tenga kilo 40 za nyanya nzima, ziweke mahali palepale unapohifadhia mzigo wako, na usiziuze. Kila asubuhi ondoa zilizoharibika na upime zilizobaki. Tuseme umepata hivi: siku ya kuanza kilo 40, baada ya siku moja 39, baada ya siku mbili 36, baada ya siku tatu 31.

Kasi ya wastani, tuiite θ, hupatikana kwa kugawa kilo za mwanzo kwa za mwisho, kuchukua logi asilia ya jibu, na kuigawa kwa idadi ya siku:

θ = ln(40 ÷ 31) ÷ 3 = 0.2549 ÷ 3 = 0.085 kwa siku

Maana yake ni kwamba kila siku mzigo unapungua kwa takriban asilimia 8.5 ya ulichonacho wakati huo, hata kama hujauza kitu. Lakini zitazame siku moja moja: siku ya kwanza kasi ni 0.025, ya pili 0.080, ya tatu 0.150. Nyanya haiozi kwa mwendo mmoja. Inazeeka, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyoharibika haraka. P. M. Ghare na G. F. Schrader, waliounda modeli ya akiba inayooza mwaka 1963, walitumia kasi isiyobadilika. Muongo mmoja baadaye R. P. Covert na G. C. Philip waliiboresha kwa kuruhusu kasi ibadilike na umri wa bidhaa. Kwa mfanyabiashara, kasi ya wastani inatosha kuanzia, mradi ukumbuke inakosea upande gani: inaonea siku za mwanzo na kupendelea siku za mwisho. Hesabu ikikwambia siku mbili na siku tatu zina gharama sawa, chagua mbili.

Hatua ya tatu: mlinganyo wa mzigo

Mzigo ulio mezani, I, hupungua kwa sababu mbili: unauzwa na unaoza. Hilo laandikwa hivi, dI/dt ikiwa ni kasi ya mzigo kubadilika kwa siku:

dI/dt = −D − θI

Ukitaka mzigo uishe barabara baada ya siku T, kiasi cha kununua ni:

Q = (D ÷ θ) × (e^(θT) − 1)

Hapa e ni kitako cha logi asilia, takriban 2.718. Weka nambari zetu. Kwa siku mbili, Q ni kilo 436: utauza 400 na kupoteza 36. Kwa siku nne, Q ni kilo 953: utauza 800 na kupoteza 153. Muda umeongezeka mara mbili, lakini upotevu umeongezeka zaidi ya mara nne. Hii ndiyo sababu mtu anayejaza fuso kwa kufurahia punguzo la nauli hujikuta amelilipia punguzo hilo mara kadhaa jalalani.

Mlinganyo huu unachukulia kwamba nyanya za zamani huuzwa kwanza. Pale ambapo mteja huruhusiwa kuchagua kwa mkono wake, za jana hubaki chini, na upotevu halisi huzidi wa kwenye karatasi. Kama ndivyo mnavyouza, tenganisha mafungu ya jana na ya leo na uyape bei mbili kabla ya kuendelea na hesabu.

Hatua ya nne: siku ngapi kwa mkupuo mmoja

Kila safari ya kufuata mzigo ina gharama isiyotegemea wingi: nauli yako, dalali, simu, siku ya kazi. Tuiite K, na tuseme ni shilingi 60,000. Bei ya kilo moja nzima ikishafika sokoni, c, iwe shilingi 1,000. Gharama ya kuitunza kilo moja kwa siku, h, yaani pango la banda na mlinzi, iwe shilingi 15. Kwa vipindi vifupi, gharama ya siku moja hukaribiana na:

K ÷ T + D × (cθ + h) × T ÷ 2

Sehemu ya kwanza hupungua unaporefusha kipindi, ya pili huongezeka. Pale zinapolingana ndipo gharama iko chini kabisa, kwa kanuni iliyotokana na ile ya Ford W. Harris ya mwaka 1913 ya kiasi bora cha kuagiza:

T = kipeuo cha pili cha 2K ÷ [D × (cθ + h)]

Hapa cθ ni 85, ukijumlisha 15 unapata 100. 120,000 ukigawa kwa 20,000 unapata 6, na kipeuo chake cha pili ni siku 2.45. Gharama ni karibu shilingi 49,000 kwa siku.

Nani hununua nyanya kila baada ya siku 2.45? Hakuna, na hakuna haja. Ukinunua kila baada ya siku mbili gharama ni 50,000. Kila baada ya siku tatu, 50,000 pia. Modeli hii ni pole karibu na kilele chake cha chini: makosa madogo ya vipimo hayakuadhibu sana. Ukifika siku nne, hata hivyo, gharama inapanda hadi 55,000 kwa kanuni hii ya mkato, na hadi karibu 59,000 ukitumia upotevu kamili wa hatua ya tatu.

Hatua ya tano: kuiingiza teknolojia ndani ya mlinganyo

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote. Teknolojia haiingii kwenye hesabu kwa jina lake wala kwa picha yake nzuri. Inaingia kwa kubadilisha herufi fulani, na swali la kwanza la kumuuliza anayekuuzia ni: kifaa chako kinabadilisha herufi ipi, na kwa kiasi gani?

Chumba cha ubaridi hupunguza θ na huongeza h. Kuharibika kwa mazao mabichi huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Tukichukua mara 2.5, nyanya zinazoharibika kwa 0.085 kwenye nyuzi 30 zitaharibika kwa takriban 0.02 kwenye nyuzi 15. Usishuke zaidi kwa tamaa: nyanya zinazokaa chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa hudhurika kwa baridi, haziivi sawasawa, hupoteza ladha na huanza madoa. Chumba kinachofunguliwa kila nusu saa, tena, hakikai nyuzi 15. Kikibaki kwenye 18 au 19, kasi ni 0.03. Tumia hiyo.

Tuseme mwenye chumba anatoza kiasi kinachoifanya h iwe shilingi 40. Sasa cθ + h ni 30 + 40 = 70. Kipindi bora kinakuwa siku 2.93 na gharama shilingi 41,000 kwa siku, yaani umeokoa karibu 8,000. Kuna njia ya mkato ya kujua hilo bila kukokotoa yote. Chumba kinalipa pale tu ambapo:

c × (θ ya zamani − θ mpya) inazidi ongezeko la h

Kwetu ni 1,000 × 0.055 = 55, dhidi ya ongezeko la 25. Kinalipa. Lakini iangalie c. Nyanya zikipanda hadi shilingi 2,000, faida ni 110 dhidi ya 25. Zikishuka hadi 300 kwa sababu kila shamba limevuna, faida ni 16.5 dhidi ya 25, na kila kilo unayoiingiza chumbani inakutia hasara. Mpaka uko kwenye shilingi 455 hivi. Watu wengi hulilia chumba cha ubaridi wakati nyanya zimefurika na zinamwagwa barabarani, kumbe huo ndio wakati ambao kinalipa kidogo kuliko wakati wowote, isipokuwa kama una hakika bei itapanda kabla nyanya hazijalainika, na maisha ya nyanya ni mafupi mno kwa bahati nasibu ya namna hiyo. Naona jambo hili lingepaswa kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila andiko la mradi wa ubaridi.

Ipo pia teknolojia isiyogusa θ kabisa. Nyanya zilizopasuka chini ya tenga hazikuoza kwa joto, zilipondwa njiani. Iite sehemu hiyo α. Kilo iliyonunuliwa shambani na kusafirishwa kwa shilingi 920, ikiwa α ni asilimia 8, inakuwa na gharama ya 920 ÷ 0.92 = 1,000 kwa kila kilo nzima inayofika. Kreti ya plastiki ikipunguza α hadi asilimia 2, gharama inashuka hadi 939. Ni shilingi 61 kwa kilo, na kwa mzigo wa kilo 220 kwa siku ni zaidi ya 13,000. Ondoa gharama ya kurudisha kreti tupu hadi shambani, tuseme shilingi 20 kwa kilo, bado unabaki na karibu 9,000: zaidi ya faida ya chumba cha ubaridi, bila umeme. Urudishaji huo ndio unaoua mpango wa kreti. Tenga ni la kutupa, halirudi, wala halihitaji mtu wa kulihesabu. Kreti isiporudi, modeli yako imekufa, kwa hiyo idadi ya kreti zinazopotea kila mwezi lazima iwe na mstari wake kwenye daftari.

Jambo moja kuhusu chumba cha mkaa, kile chenye kuta za matundu zilizojazwa mkaa unaomwagiwa maji. Hupoza kwa uvukizi, na uvukizi huhitaji hewa kavu. Dodoma wakati wa kiangazi kitafanya kazi vizuri. Dar es Salaam, ambako hewa ya pwani imejaa unyevu, kitapunguza nyuzi chache tu. Ipime θ ndani yake mahali utakapokitumia, si mahali kilipoonyeshwa.

Hatua ya sita: bidhaa ya siku moja na mahitaji yasiyotabirika

Mchicha hauna siku ya pili ya kusubiri. Ukinunua fungu kwa 200 na kuliuza kwa 500, kila fungu ulilokosa kuwa nalo limekunyima 300. Likibaki na kuuzwa kwa mfugaji kwa 50, limekupotezea 150. Gawa 300 kwa jumla ya 300 na 150: unapata 0.667. Nunua kiasi kinachotosheleza mahitaji katika siku mbili kati ya tatu.

Panga mahitaji ya siku 15 kuanzia madogo: 42, 45, 48, 50, 52, 53, 55, 57, 58, 60, 63, 66, 70, 74, 80. Theluthi mbili ya 15 ni 10, na nambari ya kumi ni 60. Nunua mafungu 60. Sasa tuseme umepata njia ya kuupoza mchicha hadi kesho yake na kuuuza kwa 150. Hasara ya fungu lililobaki ni 50 tu, uwiano unapanda hadi 0.857, na nambari inayofaa ni ya kumi na tatu: mafungu 70. Teknolojia imekuruhusu kununua zaidi. Anayeipima kwa kuangalia kilichotupwa peke yake anaikosa nusu hii ya faida.

Hatua ya saba: wangapi watajiunga, na lini

Mwenye chumba cha ubaridi anahitaji kujua watumiaji watakavyoongezeka. Modeli ya Frank Bass ya mwaka 1969 inatosha:

wapya wa mwezi = (p + q × N ÷ M) × (M − N)

N ni waliokwisha jiunga na M ni wote wanaoweza kujiunga. P ni mvuto wa tangazo na ziara zako mwenyewe, na q ni nguvu ya mfanyabiashara kumwona jirani yake akifaidika. M isiwe idadi ya wauzaji wote wa soko. Anayemaliza mzigo kabla ya adhuhuri hana cha kuhifadhi, na yule ambaye c yake iko chini ya 455 hana sababu. Tuseme kati ya wauzaji 300 wanabaki 120, p ni 0.02 kwa mwezi na q ni 0.3.

Mwezi wa kwanza: 0.02 × 120 = 2.4. Endelea mwezi kwa mwezi, na jumla inakwenda 2.4, kisha 5.5, 9.3, 14.1, na 20 mwezi wa tano. Kilele cha wapya huja pale logi asilia ya q ÷ p ikigawanywa kwa p + q, yaani 2.708 ÷ 0.32, karibu miezi minane na nusu, ambapo takriban watu 10 hujiunga kwa mwezi na jumla ni 56.

Linganisha na ukubwa wa chumba. Kila mtumiaji huanza kipindi na angalau kilo 586 na kumaliza na sifuri, kwa hiyo kwa wastani anashika kilo 293. Chumba cha tani 5 kinawatosha watu 17 wakipishana siku za kununua, lakini wanane tu wakishusha mzigo asubuhi moja. Msongamano utaanza kati ya mwezi wa tatu na wa tano, wakati mradi bado unahesabiwa kuwa mchanga. Hapa chumba cha ubaridi kinatofautiana na huduma kama M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008: kila aliyejiunga na pesa ya simu aliiongezea thamani kwa wengine, ilhali kila anayeingia chumbani anapunguza nafasi ya waliomo. Aliyerudishwa mlangoni na matenga yake juani atawasimulia wenzake, na q itashuka. Panga zamu za kushusha mzigo mapema.

Ongeza pia kundi la wanaojitoa, kwa sababu M hubadilika na msimu. Bei ikishuka chini ya 455, waliojiunga hawatasubiri barua. Wataacha tu kuja. Weka asilimia fulani ya N inayoondoka kila mwezi wa mavuno makubwa, na ipime kwenye rejesta ya chumba. Mwenye chumba anayetoza ada moja mwaka mzima ana njia ya kuzuia hilo: ada ifuate bei ya nyanya, ishuke zinaposhuka.

Hatua ya nane: kuijaribu modeli kabla ya kuiamini

Chagua kipindi cha siku tatu, kokotoa Q, na uandike upotevu unaotabiriwa kabla ya mzigo kushushwa. Kwa nambari zetu, Q ni kilo 683 na upotevu 83. Fanya hivyo kwa mizigo minne au mitano mfululizo, bila kubadilisha chochote katikati.

Upotevu ukiangukia kati ya kilo 75 na 95, endelea. Ukifika 120, usikimbilie kuongeza θ. Tazama ni lini kilo hizo zilitupwa. Zikitupwa asubuhi ya kufungua matenga, tatizo ni α na dawa yake iko kwenye kreti na namna ya kupakia. Zikitupwa siku ya tatu, kasi inapanda na umri kuliko ulivyodhani, basi fupisha kipindi kiwe siku mbili. Zikitawanyika siku zote huku fungu la jana likibaki kubwa kila jioni, ni wateja wanaochagua za leo, na hapo kinachotakiwa kubadilishwa ni bei ya fungu la jana.